Mlango wa Kampuni, Mwili Wangu

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeamua. Nauza ruti.

Kwa kweli goti ndilo limeamua, mimi nimetia sahihi tu. Leo asubuhi pale ofisi za bima nilichuchumaa kujaza safu ya chini — maji madogo, kama kila Jumatatu — kuinuka ikashindikana. Nikabaki sakafuni nimeikumbatia mashine. Karani mmoja akadhani naisikiliza, akauliza kama imeharibika. Nikamwambia aliyeharibika ni mimi. Akacheka, akanivuta mkono.

Miaka kumi na tisa! Mashine kumi, sehemu kumi, funguo kumi kwenye kifungu kimoja ambacho kimetoboa mifuko ya suruali zangu zote. Mtu anatumbukiza sarafu, anabonyeza namba, springi inazunguka, soda inadondoka. Kazi yangu ni kuhakikisha inadondoka. Sijawahi kuichoka kazi hii. Goti ndilo limechoka.

Mama watoto kaipokea habari vizuri mno. Halafu akafikiri kidogo, akauliza mchana nitakuwa nashinda wapi. Hapa, nikasema. Hapa wapi, akasema. Anaogopa nitabandika namba kwenye makabati yake ya jikoni. (Wazo si baya.)

Sharti langu ni moja tu. Ruti iuzwe nzima. Sitaki mtu achukue mbili tatu nzuri, zilizobaki zikafie kwenye stoo ya mtu.

Jumatano, 3 Septemba

Mnunuzi kapatikana haraka kuliko nilivyotaka. Ni fundi wa lifti wa jengo la bima, karani ndiye aliyemwambia. Ajabu ni kwamba huyu dada namjua miaka mingi, ila kwa miguu tu: kila nikipita ukumbini pale, kiwiliwili kiko juu ndani ya tundu la lifti, buti mbili zinaning'inia. Leo ndiyo mara ya kwanza kuuona uso. Wa miaka arobaini hivi, mpole, na ana macho ya mtu anayehesabu nati zako unapoongea. Kwangu mimi ni Dada wa Lifti.

Tumezunguka ruti yote pamoja. Kila mashine alikuwa anaweka sikio kwanza, ndipo anatazama. Ya chuoni kasema kompresa yake imechoka kidogo ila bado ina nia. Nikampenda hapo hapo.

Nimemaliza na hospitali, makusudi, kama mtu anavyobakiza nyama mwisho wa sahani. Ile imesimama nje ya wodi ya wazazi, na ndiyo moyo wa ruti. Akina baba wananunua soda wasizozinywa. Wanataka tu kitu baridi cha kushika mkononi wakati wanasubiri. Nimemweleza pia kuhusu Sista wa zamu, ambaye simu yake haina salamu: "Imekwama." Basi. Unaacha chakula, unakwenda.

Tulipokuwa tunaondoka akasema mashine zangu kumi hizi zimetunzwa kama mboni ya jicho. Kichwa kikavimba. Nikasema asante.

Ilinipasa kusema kitu kingine. Nitasema kesho.

Jumamosi, 6 Septemba

Sikusema kesho yake. Wala jana.

Leo Dada wa Lifti kaja nyumbani, tumekubaliana, tumepeana mikono. Anasema miaka kumi na miwili amekaa gizani akiwasikia watu juu ya kichwa chake wakilalamika lifti inachelewa. Sasa anataka kazi ya kuonana na nyuso za watu. Mama watoto kamwongeza chai mara tatu, na huyo si mtu wa kuongeza chai ovyo.

Halafu akasema, kama jambo dogo tu, kwamba barua ya kuacha kazi alishampa bosi wake jana. Siku yake ya mwisho ni tarehe kumi na tisa. Chai ikanipalia.

Niandike hapa basi, maana hapa hakuna wa kunicheka. Mashine kumi ninazo, ila zangu ni sita. Nne ni za kampuni ya soda. Walinipa bure, niziweke, nizitunze, na masharti matatu: zijazwe vinywaji vyao peke yake, zisihamishwe hata shubiri moja bila ruhusa, na nikiacha kazi ni wao wanaoamua nani ataendelea nazo. Wakikataa, wanakuja na lori. Na ya hospitali ni mojawapo kati ya hizo nne!

Sikukusudia kuficha. Nimeziosha zote kwa kitambaa kimoja miaka kumi na tisa, nikasahau zipi ni za kuzaa na zipi za kulea. Lakini Jumatano nilikumbuka. Nilikumbuka vizuri kabisa, nikasema asante.

Wakati wa kula mama watoto kauliza umemwambia habari ya zile nne? Nikaomba chumvi. Akasema chumvi iko mbele yako.

Jumapili, 7 Septemba

Nimelala vibaya. Kesho naenda kazini kwa Dada wa Lifti. Liwalo na liwe.

Jumatatu, 8 Septemba

Lifti ya jengo la bima ilikuwa kwenye matengenezo. Matengenezo yake yeye, bila shaka! Kwa hiyo nimepanda ngazi ghorofa sita, goti likinitukana kila ngazi, kwenda kuungama kwa mtu aliyeizima lifti.

Chumba cha mota kiko juu kabisa, chini ya paa. Kidogo, kina joto, kinanuka grisi, na ukutani kuna kalenda ya miaka minne iliyopita. Alikuwa amepiga magoti anakaza nati. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: nne si zangu, ya hospitali imo, kampuni wanaweza kukataa, nilipaswa kusema kabla hajaandika barua.

Hakuinua kichwa. Kakaza ile nati mpaka mwisho, kaifuta, kaweka spana mahali pake. Nikaona maisha yangu yote yanapita mbele yangu, na mengi yalikuwa maboksi ya soda.

"Mzee wangu," akasema, "hii lifti nayo si yangu. Nimeilea miaka kumi na miwili na sina hata skrubu moja humu ndani. Kuwa ya mwingine hakunitishi. Kutoambiwa ndiko kunakonitisha."

Nikaomba radhi. Kwa kweli, kwa moyo wote, nimesimama kwa mguu mmoja. Akaniletea ndoo nikakaa. Kisha akasema anataka mambo mawili: kampuni waandike wenyewe kwamba wanamkubali, na yeye aone kwa macho yake kibati cha namba cha kila mashine, ili ajue kipi cha nani. Nikasema hata kesho.

Nimeshuka ngazi kama kijana. (Uongo. Nimeshuka kinyumenyume nimeshika reli. Lakini moyo ulikuwa kijana.)

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeongea na afisa wa kampuni, yule ninayemwita Kishikwambi, kwa sababu sijawahi kumwona bila kile kidude chake cha kioo. Anakuja mara moja kwa mwaka, anafungua mlango wa mashine, anasoma kibati, anabonyeza, anaondoka. Hanywi hata maji. Si mtu mbaya.

Kasema dada anaweza kukubaliwa. Atakuja Alhamisi ya tarehe ishirini na tano kuhakiki nne zote, na kila moja iwe mahali pake, kamili, kama ilivyoandikwa. Ikionekana moja ina kasoro wanachukua nne zote kwa mpigo. Ndiyo utaratibu.

Kasoro gani, nikasema. Zinang'aa!

Jumamosi, 13 Septemba

Tumepita kukagua vibati, mimi na Dada wa Lifti. Hospitali, sawa. Chuoni, sawa. Bima, sawa. Ya nne ni ya kiwanda cha mikate, iko kwenye korido baina ya matanuri na stoo. Nikafungua mlango, kibati hiki hapa, namba hii hapa, twende zetu nikale mkate wa moto.

Hakusogea. Kaufungua mlango, kaufunga. Kaufungua tena. Akapitisha kidole kwenye bawaba. Akaniomba tochi, akazunguka nyuma, akalala chini kwenye unga, akasoma namba iliyogongwa kwenye bati la mwili. Akatoka na nywele nyeupe.

"Mlango huu si wa mwili huu," akasema.

Nikamjibu haiwezekani. Halafu nikakumbuka. Loo!

Miaka kumi na mmoja iliyopita. Foklifti ya kiwanda, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, ilirudi nyuma, ikaigonga mashine ya kampuni mgongoni, kompresa ikafa. Mlango haukupata hata mkwaruzo. Kwangu nilikuwa na mashine aina ile ile, niliyoinunua ikiwa imetumika, inasubiri kupata mahali. Shemeji, kaka yake mama watoto, ambaye kwa maoni yake mwenyewe ni injinia, akasema shida iko wapi. Tunaweka mwili wako pale, tunafunga mlango wa kampuni, kesho watu wananywa soda, wiki ijayo tunarudisha.

Wiki ijayo! Shemeji akautengeneza ule mwili uliovunjika kwa miezi mitatu, ukapona, tukaufunga mlango wangu, na kwa kuwa kulikuwa na nafasi kwenye ghala la matairi tukaupeleka huko. Na huko uko mpaka leo. Kwa hiyo mwili wa kampuni, ambao hauruhusiwi kusogea shubiri moja, umehamia mtaa wa pili na umeuza maji na biskuti za watu wengine kwa miaka kumi na mmoja. Na Kishikwambi kila mwaka anasoma mlango, anabonyeza, anaondoka.

Nilimweleza Dada wa Lifti hayo yote pale koridoni. Nilidhani atakasirika. Alikaa juu ya gunia la unga akacheka mpaka waokaji wakaja kuchungulia.

Jumapili, 14 Septemba

Baraza la familia. Shemeji kaitwa. Kaingia na maneno yake: yule bwana anasoma mlango tu, mwacheni asome mlango.

Nakiri, wazo lilinivuta. Karatasi zote ziko sawa. Dada wa Lifti ndiye aliyelikata: siku kompresa ikifa, fundi wa kampuni atafungua nyuma, atakuta mwili si wao, na jina kwenye mkataba litakuwa lake, si la shemeji. Shemeji akasema kompresa haifi, ameikagua yeye. Mama watoto akamwambia kaka yake anywe chai.

Tumeamua hivi. Jumatano tarehe ishirini na nne, siku moja kabla ya ukaguzi, tunauleta ule mwili kiwandani, tunabadilisha milango, kila kitu kinarudi kwao. Kisha Alhamisi namweleza Kishikwambi mwenyewe yaliyopita, kiungwana, kikombe cha chai mkononi. Mama watoto akauliza kwa nini nisimweleze kabla. Nikasema baada ni bora, akikuta kila kitu kimekaa sawa hatakuwa na la kushika. Akanitazama vile anavyonitazama.

Ijumaa, 19 Septemba

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya Dada wa Lifti. Wenzake wamempa keki na bisibisi mpya yenye jina lake kwenye mpini. Alinionyesha bisibisi, akairudisha mfukoni. Kuanzia Jumatatu hana kazi nyingine ila hii ya kwangu, ambayo bado si yake.

Nimempeleka kujaza ya chuoni. Anajaza vizuri kuliko mimi — chupa zote lebo mbele. Wanafunzi wawili walimsalimia yeye, mimi hawakuniona. Nilifurahi, na palichoma kidogo pia. Yote mawili.

Jumanne, 23 Septemba

Kila kitu tayari. Pikapu imekodiwa. Goti nimelifunga. Bwana mkubwa wa kiwanda katuachia korido yote kuanzia saa tatu, matanuri yakishazimwa.

Nimeosha kifungu cha funguo kwa sabuni. Sijui kwa nini.

Jumatano, 24 Septemba

Saa nne na dakika kumi asubuhi. Naandikia juu ya gunia la unga, stoo ya kiwanda cha mikate. Naandika kwa sababu hakuna kingine cha kufanya.

Mambo yalianza vizuri. Mwili umeshushwa salama, tukausimamisha ubavuni mwa mwenzake. Dada wa Lifti akafungua bawaba zote kwa bisibisi yake mpya, robo saa tu. Milango miwili sakafuni, mashine mbili uchi, matumbo nje. Shemeji akiimba. Ndipo mlango wa korido ukafunguka, akaingia Kishikwambi.

Siku moja kabla! Alikuwa anapita karibu, akaona amalize moja leo. Kasimama na kidude chake kifuani. Kaangalia mashine ya kwanza, kaangalia ya pili, kaangalia milango chini. Kisha kaniuliza, taratibu kabisa, ya kwao ni ipi.

Shemeji akanikonyeza. Nilijua maana yake: onyesha yoyote. Wote wakaniangalia mimi. Dada wa Lifti naye, bisibisi mkononi. Ile Jumatano ya kwanza nilisema asante. Mara hii sikusema asante.

"Mlango wenu ni huu," nikasema. "Mwili wenu ni ule pale. Havijaonana miaka kumi na mmoja, na kosa ni langu. Huyu dada hahusiki. Ndiye aliyeligundua, na ndiye anayelirekebisha."

Nikamwambia yote. Foklifti, wiki ijayo, ghala la matairi, maji ya watu wengine. Sikubakiza. Shemeji, alipoona meli inazama, akaamua azame na sifa zake: akamweleza afisa kwamba kompresa aliyoifunga mle aliitoa kwenye friji ya bucha. Nilitamani kuingia tanurini.

Kishikwambi akauliza kama inafanya kazi. Shemeji akamwambia aguse. Akakiweka kile kidude juu ya gunia — mara ya kwanza namwona na mikono mitupu! — akaingiza mkono kwenye mwili wa kampuni. Chupa mbili zilikuwa zimebaki huko tangu ghala la matairi. Akaitoa moja, akaishika. Baridi kabisa. Akaishikilia muda mrefu, kama wale akina baba pale hospitalini.

Halafu akachukua kidude chake, akasoma, akasita. Kaniambia fomu inauliza swali moja: mashine ipo, ndiyo au hapana. Hakuna sehemu ya kuandika nusu. Akatoka uani kumpigia mkubwa wake. Chupa ameondoka nayo.

Yuko huko bado. Namwona dirishani anazunguka pikapu. Shemeji ameacha kuimba.

Simu yangu ikalia. Sista. "Imekwama."

Nikataka kuinuka, goti likagoma. Kabla sijasema kitu Dada wa Lifti alishasimama mbele yangu na mkono wazi. Hakuniuliza kama inafaa, wala kama kampuni wamesema nini. Mkono wazi tu, umejaa unga. Nikatoa kifungu mfukoni. Nikataka kuuchomoa ule wa hospitali peke yake, nikaona ujinga. Nimempa kifungu kizima.

Amekwenda mbio. Suruali yangu imekuwa nyepesi upande mmoja, najishika mfukoni kila saa.

Kishikwambi amerudi ndani. Chupa ameshaifungua, anakunywa. Kauliza yule dada amekwenda wapi, maana mkubwa wake anataka kujua jambo moja juu yake: kazi hii kweli ataishika?

Nimemwambia amekwenda kazini kwake.

Amenitazama. Ameitazama ile milango miwili chini. Sasa kavuta gunia, amekaa karibu yangu, na anaandika kitu — kidole kinakwenda, kinasimama, kinakwenda tena —